Uzamivu wa uhandisi wa mazingira: swali kwanza, ndoo baadaye

Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) akija na mada "Ubora wa maji ya visima Mombasa", mimi humwambia akaifikirie upya. Mada pana namna hiyo huzaa majedwali marefu na hitimisho fupi: visima vingi vimechafuka. Watu wa mtaa wa Majengo wanalijua hilo bila tasnifu.

Swali la uzamivu lina majibu angalau mawili yanayoshindana. Kisima kifupi cha Kisauni kikianza kutoa maji ya chumvi, ni bahari inayopenya chini ya ardhi, au ni vyoo vya shimo? Vyote viwili huongeza kloraidi, sehemu kuu ya chumvi, kwa hiyo kloraidi peke yake haitakuamulia. Pima pia bromidi, ndugu yake kloraidi iliyomo baharini kwa kiasi kidogo. Katika maji ya bahari, kloraidi ni takriban mara 290 ya bromidi kwa uzani. Maji taka kwa kawaida huupandisha uwiano huo, kwa kuwa chumvi ya jikoni ina bromidi kidogo sana. Nitreti, zao la kinyesi na mkojo, nayo huelekeza chooni, lakini ina hila: maji yakikosa oksijeni, bakteria huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni. Ukiikuta iko chini, na hukupima oksijeni wala amonia, usimwambie mwenye kisima kuwa maji yake ni salama.

Kisha kuna mwamba wenyewe. Kisiwani na ukanda wa ufuoni, visima vimechimbwa kwenye chokaa ya matumbawe yenye matundu mengi, na maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Kwa hesabu ya tofauti ya uzito wao, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji sentimita 10 na yakabaki hapo, mpaka wa chumvi huelekea kupanda mita 4. Lakini hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia ndani ya mwamba wa namna moja, na mwamba wetu hauko hivyo. Hapo ndipo penye kazi ya miaka mitatu.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kisima cha karibu na ufuo huifuata kwa kuchelewa. Sampuli isiyoandikiwa saa, wala kama ni bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) au maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo), yanajaa au yanakupwa, haina maana. Weka kifaa cha kurekodi kina na upitishaji umeme (maji yakizidi chumvi, hupitisha zaidi) kila dakika 15 kwa siku 30 hivi, upate bamvua mbili na maji mafu mawili, kisha urudie msimu mwingine. Vipimo vyote virudishwe kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maana nyuzi 1 tu hubadilisha upitishaji kwa takriban asilimia 2. Na muulize mwenye nyumba anawasha pampu saa ngapi. Mruko kwenye grafu ambao mwanafunzi anausingizia bahari, mara nyingi ni tangi la juu linajazwa.

Chupa za bakteria ziwe kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, zisipite 24. Sampuli za Likoni zinavuka kwa feri, basi usipange saa za watu kwenda au kutoka kazini. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, ipimwe palepale kisimani: maji ya chokaa hupoteza kaboni dioksidi njiani, chokaa ikaganda chupani, na ukijumlisha ioni (chembe zenye chaji) chanya na hasi, ambazo zinapaswa kulingana, hazilingani. Tofauti ikizidi asilimia 5, tafuta sababu. Ikizidi 10, rudi kachote tena.

Barua ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, zishughulikiwe mara tu pendekezo linapopita. Masika huanza Machi au Aprili. Leseni ikitoka Juni, kilele cha mvua kimepita, na utangoja masika ya mwaka unaofuata huku karo ya chuo ikihesabika.