Radoni kwenye maji ya kunywa: hatari yake hupimwaje?

Mtu akiambiwa maji ya kisima chake yana mionzi, huuliza kwanza kama akiyanywa atapata saratani. Kwa radoni, jibu la swali hilo si lile watu wengi wanalotarajia, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ya maji haya haipitii kooni. Inapitia puani.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Chimbuko lake ni urani iliyomo ardhini, ambayo hugeuka taratibu kuwa madini mengine hadi kufikia radiamu, na radiamu nayo hugeuka kuwa radoni. Miamba ya graniti mara nyingi huwa na urani nyingi kuliko miamba mingine, kwa hiyo maji ya visima virefu vilivyotobolewa ndani ya graniti, kama vile vya Finland na vya jimbo la Maine huko Marekani, hubeba gesi hii kwa wingi. Maji ya mto au ziwa huwa na kidogo sana, maana gesi hupeperuka mapema. Na hata ikifungiwa kwenye chupa haidumu: kila baada ya siku 3.8, nusu yake inakuwa imekwisha kugeuka.

Kutathmini hatari, basi, ni kuifuata gesi hiyo kuanzia bombani hadi mwilini. Ukifungua bafu la mvua, ukiosha vyombo au ukifua, radoni hutoka majini na kuingia kwenye hewa ya nyumba. Humo hugeuka kuwa chembe za poloniamu zinazonasa kwenye vumbi, nasi tunazivuta. Zikitua kwenye mapafu hutoa mionzi ya alfa, ambayo haisafiri mbali lakini huumiza vibaya seli iliyo jirani. Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka radoni kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa tangu 1988.

Ni kiasi gani kinachohama kutoka majini kwenda hewani? Kanuni inayotumiwa sana ni sehemu moja kwa 10,000. Radoni hupimwa kwa bekereli, yaani atomu moja inayovunjika kila sekunde. Kisima chenye bekereli 100 kwa lita ni sawa na bekereli 100,000 kwa mita ya ujazo ya maji. Gawa kwa 10,000, unapata nyongeza ya bekereli 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya nyumba. WHO inashauri hewa ya ndani isizidi 100. Kisima cha bekereli 1,000 kwa lita kinaweza kufikisha kiwango hicho peke yake, kabla hujahesabu radoni inayopenya kutoka udongoni kupitia nyufa za sakafu. Katika Umoja wa Ulaya, maji yakivuka 1,000 hapo hakuna mjadala tena, ni kuchukua hatua.

Njia ya pili ni tumbo. Radoni uliyoinywa hukaa tumboni kidogo, nyingine hupenya ukutani mwa tumbo, iliyobaki huingia kwenye damu, ikafika mapafuni na kutolewa kwa pumzi. Kigumu ni kujua ni kiasi gani hasa kinachopenya ukuta ule hadi kwenye seli zinazoweza kupata saratani, na makadirio ya tumbo yote yanategemea jibu hilo.

Mwaka 1999 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa tathmini iliyoagizwa na sheria ya maji ya 1996. Lilikadiria kwamba radoni ya majini husababisha vifo vipatavyo 180 kwa mwaka nchini humo: kama 160 kwa saratani ya mapafu kupitia hewa, na 20 hivi kwa saratani ya tumbo kupitia kunywa. Radoni ya ndani ya nyumba kwa jumla, ambayo nyingi hutoka udongoni, ilikadiriwa kuua watu wapatao 19,000. Takwimu hizi ni za taifa zima, hazimtabirii mwenye kisima fulani lolote. Tena vifo vingi vya radoni huwapata wavutaji sigara, kwa kuwa moshi na mionzi hii vikikutana madhara huongezeka mno.

Kwa kuwa radoni ya udongoni huua wengi kuliko ya majini, pendekezo la Marekani la mwaka huohuo kuhusu kikomo cha radoni kwenye maji lilikuwa na viwango viwili: bekereli 11 kwa lita, au takriban 148 kwa jimbo ambalo lingekuwa na mpango wa kupunguza radoni ya hewani. Hiyo 148 huongeza hewani bekereli 15 hivi, karibu sawa na hewa ya nje. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ina mantiki: fedha ya kushusha maji kutoka 148 hadi 11 ingeokoa wengi zaidi kama ingetumika kwenye sakafu za nyumba. Pendekezo lenyewe halikupitishwa kuwa kanuni.

Kupima maji kunataka uangalifu. Mpira wa maji hushushwa hadi chini ya chupa, maji yakafurika polepole, kifuniko kikafungwa bila kuacha hata kiputo, kisha saa na tarehe zikaandikwa, maana maabara itarudisha hesabu nyuma hadi muda ule. Maji yaliyomiminwa kwenye ndoo kisha yakahamishiwa mtungini, kama tunavyofanya wengi wetu, yameshapoteza sehemu ya gesi. Kuyapima hayo hakukuelezi hali ya kisima.

Kiasi kikiwa kikubwa, dawa ni kuyapulizia maji hewa kwenye tangi na kuitoa gesi nje kwa bomba, njia inayoweza kuondoa hadi asilimia 99. Chujio la mkaa nalo hufanya kazi, ila linavyozidi kunasa radoni ndivyo lenyewe linavyotoa mionzi, hivyo si kitu cha kuweka chini ya sinki la jikoni.