Upasuaji wa kupunguza uzito: kwa nini mama wa Arua haufikii

Tuseme kuna mama wa miaka 42 pale Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Anauza nguo sokoni, ana kisukari na presha, na usiku mumewe humwamsha kwa sababu pumzi zinamkatika usingizini. Ana urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 105, yaani BMI yake, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni 41. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unashauri upasuaji kuanzia BMI 35, hata kama mtu hana ugonjwa mwingine. Mama huyu amekwisha kuvuka mpaka huo siku nyingi, lakini kliniki anaambiwa tu, "Mama, punguza kula."

Mimi ni daktari wa upasuaji, na maneno hayo yananiuma. Unene wa kiwango hiki ni ugonjwa. Mtu akijinyima chakula, homoni ya njaa hupanda na mwili hubana matumizi ya nguvu, ndiyo maana kilo alizopunguza kwa taabu hurudi. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni hiyo. Kisukari cha aina ya pili hushuka kwa wagonjwa wengi, na wengine huacha kabisa sindano za insulini.

Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika vituo vyake vya afya mwaka 2001, ikaacha wodi za kulipia hospitalini. Hatua hiyo iliwafungulia mlango maskini wengi, na ninaiheshimu. Ila matibabu ya bure yanamfaa mtu pale tu yanapotolewa. Upasuaji huu unahitaji vifaa vya kupasulia kwa matundu madogo, mtaalamu wa dawa za usingizi aliyezoea wagonjwa wazito, na meza inayowabeba. Kwa hiyo unapatikana zaidi katika hospitali binafsi za Kampala, safari ya kilomita 500 hivi kutoka Arua, na wenye uwezo zaidi huenda India. Muswada wa bima ya taifa ya afya ulipita bungeni mwaka 2021 lakini Rais hakuusaini. Mfanyakazi wa ofisini huenda ana bima ya mwajiri. Muuza nguo ana mfuko wake na ndugu zake.

Ubaguzi, hata hivyo, huanza kabla ya fedha. Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mizani ikifika mwisho haisemi kitu. Asiyepimwa vizuri haandikiwi rufaa.

Kuna na hofu yetu wenyewe. Miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "slim" katika nchi hii, na wengi tulizika watu waliokonda mbele ya macho yetu. Mpaka leo anayepungua ghafla husemwa mtaani, na mwili mkubwa huhesabiwa kuwa neema. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 49 ana uzito uliozidi. Wengi wao hawahitaji kisu. Wanaokihitaji wasipimwe kwa unene wa pochi.

Ukienda kliniki, omba upimwe uzito na urefu, na BMI iandikwe kwenye kitabu chako. Kabla ya kulipa popote, uliza ni nani atakayekufuatilia ukirudi nyumbani, kwa sababu vitamini ni za kila siku maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba.

Na kwa wauguzi wa vituo vya vijijini: aliyefanyiwa upasuaji huu akija anatapika siku kadhaa, miguu inakufa ganzi au anachanganyikiwa, huenda amepungukiwa vitamini B1. Mpeni sindano ya B1 kwanza, kabla ya dripu ya sukari, kisha mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Mgonjwa naye atembee na karatasi inayoeleza alifanyiwa nini, lini na wapi.