Kivuli cha maandishi ni nini?

Chukua picha ya bibi harusi aliyevaa shela jeupe, kisha andika jina lake juu ya shela hilo kwa herufi nyeupe. Jina linamezwa. Kinacholiokoa ni kivuli cha maandishi: nakala nyeusi ya herufi zilezile, iliyosogezwa kidogo pembeni, ikatiwa ukungu kwenye kingo, ikalazwa chini ya zile za juu. Jicho linadanganyika, linaona jina limeinuka.

Zamani fundi alifanya yote hayo kwa mkono: kunakili leya (tabaka la picha lenye maandishi), kuipaka nyeusi, kuisogeza, kuitia ukungu. Mteja akisema jina ni Mwanaidi, si Mwanahidi, kazi inaanza upya. Programu ya kuhariri picha ya Photoshop, toleo la 5.0 la mwaka 1998, ilileta efekti za leya. Kivuli kikashikamana na maandishi, ukirekebisha herufi nacho kinafuata. GIMP, programu nyingine ya aina hiyo ambayo ni ya bure, ilikawia mno. Ni toleo la 3.0 la mwaka 2025 ndilo lililowezesha vichujio, yaani madoido kama kivuli na ukungu, kubaki vikirekebishika juu ya leya.

Umbali na ukungu huenda pamoja. Kivuli kilicho mbali na chenye ukungu mwingi hufanya herufi zielee hewani. Kilicho karibu na chenye kingo kali huzifanya zionekane kama zimebandikwa. Kwa herufi zenye urefu wa pikseli 100 hivi, mimi huanza na umbali wa pikseli 4, ukungu wa 6 na ukolezo (uzito wa kivuli) wa asilimia 50, halafu naangalia.

Pembe ya mwanga ndiyo inayowaumbua wengi. Programu nyingi hukisia kwamba mwanga unatoka juu kushoto, na watu huacha hivyohivyo. Tazama kwanza kivuli cha pua ya bibi harusi. Kikiwa kimelalia kushoto, cha herufi nacho kilalie huko, la sivyo picha inakuwa na majua mawili.

Rangi nayo si lazima iwe nyeusi tii, ambayo juu ya shela huonekana kama masizi. Nyonya kwa kidonezi (zana ya kuchukua rangi) rangi nzito iliyomo pichani, tuseme hudhurungi ya nywele, uitumie hiyo.

Na kama picha ni ya usiku, usihangaike: kivuli juu ya giza hakionekani. Hapo weka mng'ao hafifu nyuma ya herufi, au zizungushie mstari mwembamba wa rangi ya mwanga.