Kwenye muvi New York inaganda, huku kwetu ziwa linashindwa kujigeuza

Ile muvi ya The Day After Tomorrow ni ya 2004 lakini mpaka leo watu wanaiangalia, ukipita kwenye kibanda umiza Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, unaweza ukaikuta imetafsiriwa na DJ, vijana wamebanana kwenye mabenchi wanaona New York inamezwa na maji halafu inaganda yote. Mimi kazi yangu ni kupima maji ya Ziwa Tanganyika, joto lake, oksijeni yake, kwa hiyo wakitoka pale swali linakuja kwangu: mtaalamu, hii kitu inaweza kutokea kweli? Nimejibu sana kwa mdomo, sasa naandika, maana jibu lina sehemu mbili na ile ya pili inatuhusu sisi wa huku kuliko hata hao wa New York.

Kwanza uongo wake. Kwenye muvi dhoruba kubwa inavuta hewa ya juu kabisa angani, hewa yenye baridi kali, inaishusha chini kwa kasi na kila inachogusa kinaganda palepale, helikopta zinaanguka mafuta yameganda, wanasema baridi inazidi digrii 10 kila sekunde. Haiwezekani. Hewa ikishuka inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na hewa ikibanwa inapata joto, umeshajaza upepo tairi la baiskeli unajua pampu inavyochemka pale chini, ndo hichohicho. Kwa hewa kavu ni kama digrii 10 kwa kila kilomita inayoshuka. Sasa chukua hewa ya kilomita 10 juu, ina digrii 50 chini ya sifuri, ishushe mpaka barabarani, inafika na joto la digrii 50. Yani dhoruba ile ingewaletea watu joto la jangwani, wasingeganda. Na barafu ya kufunika nusu ya dunia haiji kwa wiki moja, ni theluji ya maelfu ya miaka inarundikana bila kuyeyuka.

Lakini mwanzoni kabisa, kabla dhoruba haijaanza, kuna kipande kifupi stelingi, yule Jack Hall aliyechezwa na Dennis Quaid, yuko kwenye mkutano New Delhi anaeleza habari za mkondo wa bahari ya Atlantiki. Kwenye zile za kutafsiriwa nilizosikia mimi kipande hiki kinapita haraka haraka, na inaniuma, kwa sababu pale ndo penye ukweli wa muvi nzima.

Mkondo wenyewe uko hivi. Maji ya moto ya huku ikweta yanapanda kaskazini mpaka maeneo ya Greenland na Norway, kule yanapoa, na kwa vile yana chumvi nyingi yakishapoa yanakuwa mazito, yanazama kilomita mbili tatu chini halafu yanarudi kusini yakipita huko chini. Mzunguko huu unasaidia Ulaya isiwe na baridi kali zaidi ya iliyopo. Sasa dunia ikipata joto barafu ya Greenland inayeyuka, inamwaga baharini maji yasiyo na chumvi, maji mepesi, yanakaa juu na hayazami vizuri, mzunguko unaanza kuchoka. Na ushahidi kwamba ulishawahi kuyumba upo, miaka kama 12,900 iliyopita dunia ilikuwa inatoka kwenye zama za barafu, ghafla kaskazini ikarudi kwenye baridi ikakaa huko zaidi ya miaka elfu moja. Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwenye ripoti ya 2021 walisema mkondo huu utadhoofika karne hii, hilo wana uhakika nalo sana, ila kusimama ghafla kabla ya 2100 hawakutarajii, na hapo uhakika wao wenyewe waliuita wa kati. Kwa mtu wa kazi yangu "wa kati" siyo maneno ya kumpa mtu usingizi.

Kwa hiyo kiini cha ile muvi ni maji mepesi yamekaa juu ya mazito, yamekataa kuchanganyika. Na hilo ndo tatizo la Tanganyika.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Juu maji yana digrii kama 25 mpaka 28 kutegemea msimu, chini kabisa yana 23 na kitu. Mtu anaona tofauti ya digrii tatu nne ni ndogo, lakini maji yenye joto kama haya yetu yanabadilika uzito zaidi kwa kila digrii kuliko maji ya baridi ya Ulaya, kwa hiyo hizo digrii chache zinatosha kabisa kuyatenga, ya juu yanaelea juu ya ya chini mwaka mzima. Ukishuka mita 100 mpaka 200, inategemea uko upande gani wa ziwa, oksijeni inaisha, samaki hamna. Ila huko chini ndo kuna mbolea yote, kila kilichokufa juu kimezama kikaozea huko. Kinachoipandisha ni upepo wa kusi wa kiangazi, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kule kusini ya chini yanapanda kujaza nafasi, halafu ziwa zima linabaki linayumba miezi kadhaa. Mbolea ikifika kwenye mwanga mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote.

Sasa joto la dunia linaongeza joto zaidi kwenye maji ya juu kuliko ya chini, maana yake ya juu yanazidi kuwa mepesi na upepo uleule unahitaji nguvu zaidi kuyageuza. Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili karibu kwa wakati mmoja, ya Catherine O'Reilly na wenzake na ya Piet Verburg na wenzake, walilinganisha vipimo vipya na vya zamani, vingine vilipimwa 1913 enzi za Mjerumani. Timu ya O'Reilly ilikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kama asilimia 20 na samaki huenda wakapungua kama asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakasoma tope la chini ya ziwa, mabaki ya samaki yakaonyesha walianza kupungua hata kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Uvuvi wa kupitiliza upo, makokoro yapo, nyavu za macho madogo zipo, na vipe, yani boti za uvuvi, vinavyoingia ziwani usiku wa giza ni vingi mno. Serikali iliposimamisha uvuvi 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mimi niliunga mkono japo najua kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi walipitia kipindi kigumu. Samaki anapata nafasi ya kuzaa. Ila kufunga ziwa hakuipandishi mbolea iliyokwama mita 300 chini, na mvuvi anayefuata sheria zote akirudi na karai nusu asiambiwe kila mara kwamba kosa ni lake.

Muvi haiwezi kuonyesha hivi kirahisi naelewa, inataka mambo yatokee ndani ya masaa mawili na stelingi awahi kumuokoa mwanae. Muvi za hivi sizikatai. Mtafiti Anthony Leiserowitz aliwahoji Wamarekani 2004, walioiangalia ile muvi walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu tabianchi kuliko ambao hawakuiangalia, sasa hilo ripoti zetu nyingi haziliwezi.

Wengine wananiuliza kuhusu Waterworld ya 1995, bahari imefunika nchi kavu yote. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka bahari inapanda kama mita 70, na ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo haitufikii, Dar na Zanzibar ndo wenye shida hiyo. Sisi mafuriko yetu yanatoka kwenye mvua. Njia ya maji kutoka ziwani ni mto mmoja tu, Lukuga kule Kongo, mengi yanaondoka kwa mvuke, ndo maana mvua zikizidi miaka mfululizo kama tulivyoona kuanzia 2019 ziwa linapanda mpaka kwenye nyumba za watu.

Vijana wenye kamera Kigoma mpo, tena wazuri. Nataka muvi ya ukoo mmoja wa wavuvi, babu, baba na mjukuu, kipe kilekile, mwalo uleule, kila kizazi kinaenda mbali zaidi ziwani na kurudi na kidogo zaidi. Anayetaka kuiandika anitafute, grafu za joto la ziwa nitamfafanulia bure na kwenye boti ya vipimo nitamuombea nafasi.