Skrini ya mandhari: anza na weusi wake

"Hilo shuka litaondolewa lini?" Mwelekezi aliniuliza hivyo usiku wa mazoezi ya mwisho, na hapakuwa na shuka lolote jukwaani. Alichokuwa akikiona ni skrini yangu nyeupe ya kurushia picha kutoka nyuma, upana wa mita sita, projekta imezimwa na taa za waigizaji zinawaka. Picha ilipokuwepo ilipendeza kweli. Lakini katika igizo la saa mbili picha ilihitajika kwa dakika ishirini hivi, na muda wote uliobaki kitu cheupe kilisimama katikati ya jumba la mfalme kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Tangu hapo, nikiletewa plastiki ya kutengenezea skrini ya jukwaani, sikimbilii kuuliza picha itang'aa kiasi gani. Naitazama kwanza ikiwa tupu, chini ya taa, na kujiuliza kama naweza kuisahau.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: projekta haina taa nyeusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale tu ambapo projekta haikupeleka mwanga, kwa hiyo haiwezi kuwa nyeusi kuliko skrini yenyewe ilivyo wakati huo. Taa ya jukwaani ikiiangukia skrini nyeupe, usiku wa manane uliouchora kwa uangalifu unageuka ukungu wa asubuhi. Kuongeza nguvu ya projekta kunaongeza weupe. Weusi unabaki palepale. Ndiyo maana nachagua plastiki nyeusi, yaani iliyotiwa ukijivu.

Pingamizi ninalolisikia kila mara ni kwamba plastiki nyeusi itameza picha. Ni kweli, inameza. Ila tazama inameza nini zaidi. Chukua plastiki iliyotiwa ukijivu unaopitisha nusu ya mwanga. Mwanga wa projekta unatoka nyuma, unapita kwenye ukijivu huo mara moja, na nusu yake inamfikia mtazamaji. Mwanga wa taa za jukwaani unaingia kutoka mbele, unatawanyika ndani, kisha unarudi ulikotoka, hivyo unapita mara mbili: inabaki nusu ya nusu, yaani robo. Picha imepoteza nusu, mwanga usiotakiwa umepoteza robo tatu. Nuru na giza vimeachana maradufu ya awali. Ujanja huohuo ulitumika kwenye televisheni za chogo, ambazo vioo vyake vilitiwa ukijivu makusudi ili picha ionekane sebuleni mchana.

(Hesabu hiyo haihusu mng'ao wa juu ya ngozi ya plastiki. Plastiki nyeusi inayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi itawaonyesha watazamaji taa zako zote kama kioo. Taka uso usiong'aa, angalau upande wa hadhira.)

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1798 mjini Paris, Étienne-Gaspard Robert, aliyejiita Robertson, aliwatisha watu kwa mizimu iliyorushwa kutoka nyuma ya kitambaa kwa taa iliyowekwa juu ya magurudumu. Vioo vya picha zake vilipakwa rangi nyeusi kila mahali isipokuwa kwenye mzimu wenyewe, ili mwanga usiangukie sehemu nyingine ya kitambaa na kukifichua. Ukumbi ulikuwa gizani, kwa hiyo kitambaa chepesi kilimtosha. Sisi tuna waigizaji wanaohitaji kuonekana nyuso, ndiyo maana weusi inabidi utoke kwenye skrini yenyewe.

Sasa gharama yake, kwa sababu ipo. Skrini ya mita 6 kwa 3.75 ina eneo la mita za mraba 22.5. Projekta ya lumeni 10,000 (kipimo cha mwanga wote inaoutoa) ikiijaza yote inaipa luksi 444 hivi, yaani lumeni 444 kwa kila mita ya mraba. Wauzaji huandika kipimo kiitwacho geini: ung'avu wa skrini ukilinganishwa na ule wa uso unaotawanya mwanga sawasawa pande zote. Kwa plastiki ya kijivu yenye geini ya 0.5, zidisha 444 kwa 0.5 kisha gawanya kwa pai. Utapata niti 70 hivi; niti ni kipimo cha ung'avu anaouona mtazamaji. Sinema hulenga niti 48 ukumbi ukiwa gizani. Kwa hiyo 70 ni kianzio kizuri, mradi mtu wa taa awe rafiki yako. Mwombe awamulike waigizaji kutoka ubavuni na juu, na wasimame mita mbili au zaidi mbele ya skrini. Hakuna plastiki itakayokuokoa na taa iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye mandhari.

Geini ndipo watu huumia. Skrini haizalishi mwanga. Geini kubwa maana yake ni kwamba mwanga umekusanywa na kupelekwa mbele, na waliokaa pembeni wamenyimwa. Plastiki nyeusi inayosifiwa kuwa angavu mno mara nyingi imeupata ung'avu huo kwa njia hiyo. Utaligundua kwa doa la mwanga katikati ya picha, linalokufuata ukihama kiti, kwa sababu limekaa kwenye mstari wa kutoka jichoni mwako hadi kwenye lensi. Omba karatasi ya vipimo na utafute pembe ambapo ung'avu unashuka hadi nusu. Ukumbi mpana wenye viti vya pembeni unahitaji pembe pana, hata kama geini itashuka.

Lensi ya masafa mafupi inazidisha tatizo. Projekta ikikaa umbali wa mara 0.8 ya upana wa picha, miale ya ukingoni inatoka ikiwa imeinama nyuzi 32 kwenda nje. Ikikaa mara mbili ya upana, ni nyuzi 14 tu. Katika hali ya kwanza, aliyekaa kushoto kabisa anaona upande wa kulia wa picha umefifia, na wa kulia vivyo hivyo kinyume chake. Rudisha projekta nyuma. Nafasi ikikosekana, ikunje njia ya mwanga kwa kioo. Mimi pia hupenda kuipandisha au kuishusha, lensi ikiruhusu, ili mstari wa jicho upite nje ya picha.

Usinunue kwa maelezo ya katalogi. Pata kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4, kishike mbele ya tochi ya simu. Ukiiona balbu yenyewe kama nukta kali, hadhira itaiona lensi. Hapo ndipo vitambaa vya wavu na nguo nyingi za kuvutika hushindwa, hata vikiwa na weusi wa kuvutia. Kisha kiweke kipande kando ya pazia jeusi la jukwaa, mulika vyote kutoka mbele, rudi hatua kumi, uone kama kinafanana nalo. Mwisho rusha picha nyeupe tupu: baadhi ya plastiki nyeusi huvuta kwenye kahawia au bluu, na ngozi za watu kwenye video zitakuwa za wagonjwa.

Nyuma ya skrini paka kila kitu rangi nyeusi, na taa ndogo za mafundi zifunikwe. Projekta inayoonyesha "nyeusi" bado inatoa mwanga hafifu, kwa hiyo funga shata ya lensi (kifuniko kinachozuia mwanga) kila picha inapokwisha.

Mengine kwa ufupi: mishono huonekana kama mistari mwanga ukipita, hivyo panga iangukie kwenye nguzo au dirisha la mandhari. Plastiki ya PVC izungushwe kwenye bomba, isikunjwe, na itundikwe mapema ukumbi ukiwa na joto ili makunyanzi yalegee. Dai cheti cha kuzuia moto kinachokubalika nchini kwako, iwe B1 ya Ujerumani, M1 ya Ufaransa au NFPA 701 ya Marekani.

Kuna igizo moja tu ambalo ningeacha nyeusi bila kusita: lile la vivuli, mwigizaji akicheza kati ya taa na skrini. Hapo unachotaka ni uwanja wa nuru, na shuka jeupe ndilo hasa la kazi hiyo.