Adapta ya M39 kwenda M: pete ya milimita moja

Adapta ya M39 kwenda M ni pete nyembamba ya chuma inayoiwezesha lenzi ya zamani ya hesi kukaa kwenye kamera ya renjifainda, yaani inayolenga kwa kulinganisha picha mbili kwenye kitundu cha kuangalizia, yenye mdomo (sehemu ya kufungia lenzi) wa Leica M, kama Leica M6, Zeiss Ikon ya filamu au Bessa R2. Kabla ya kamera ya Leica M3 kutoka mwaka 1954, lenzi za Leica zilikazwa kwa hesi ya milimita 39. Canon na viwanda vya Kisovieti walitumia hesi hiyohiyo, ndiyo maana lenzi hizo bado zimejaa sokoni.

Kazi yote ya adapta ni unene wake. Kwenye kamera za hesi, kutoka mdomo hadi filamu ni milimita 28.8, kwenye M ni 27.8. Pete inajaza ile milimita 1, basi. Haina kioo ndani.

Renjifainda haioni kupitia lenzi. Ndani ya mdomo kuna mkono wenye rola, unaosukumwa na ukingo wa nyuma wa lenzi, na mkono huo ndio unaosogeza kile kivuli cha picha unachokilinganisha kwenye kitundu cha kuangalizia. Mwendo wake umepimwa kwa lenzi ya takriban milimita 50. Sasa chukua adapta iliyozidi unene kwa milimita 0.05. Lenzi ya 50 inasogea mbele 0.05 na mkono unaifuata vilevile, kwa hiyo fokasi ya karibu inabaki sahihi. Unachokosa ni umbali wa mbali kabisa. Lenzi ya 90 husogea karibu mara tatu ya mkono. Ukiurudisha mkono 0.05 ili picha zilingane, lenzi imerudi 0.15, na fokasi imeikosa filamu kwa 0.1. Kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, jicho ulilolilenga litatoka na ukungu. Adapta za bei ya kutupa ni ghali kwa wenye lenzi ndefu.

Kaza adapta kwenye lenzi kwanza, kwa mkono tu, ndipo uifunge kwenye kamera. Zungusha lenzi hadi ikwame kwenye ∞, alama ya mbali kabisa, lenga mnara ulio kilomita moja au zaidi. Picha mbili zisipolingana, jaribu lenzi nyingine kabla ya kuilaumu pete. Jupiter-8, lenzi ya Kisovieti yenye asili ya Sonnar, lenzi ya Zeiss ya Ujerumani, mara nyingi hukosa fokasi ya karibu kwa f/2 hata adapta ikiwa sahihi; dawa ni fundi kubadilisha vipete vya ndani vya lenzi.

Adapta huuzwa kwa jozi za fremu, ile mistari ndani ya kitundu cha kuangalizia inayoonyesha eneo litakalonaswa na lenzi: 28/90, 35/135 au 50/75. Kwenye M6 ukikosea jozi utaona fremu isiyo ya lenzi yako. Bessa R2 haijali, fremu unazichagua mwenyewe.

Na lenzi za kukunja, kama Elmar ya 50, usizisukume ndani zikiwa kwenye Bessa: mkia wake unaweza kugonga shata, pazia lililo mbele ya filamu.