Unatafuta historia ya kitongoji cha Ireland? Anza na ardhi, usianze na ukoo

Tangu sensa ya Ireland ya 1926 ifunguliwe kwa umma mwezi Aprili 2026, baada ya kufungwa miaka 100 kwa mujibu wa sheria, maombi ya kutafutiwa kumbukumbu yanayofika mezani kwetu yameongezeka. Yamo ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ireland, na ya wengine wanaotafuta alikozaliwa padri aliyewafundisha darasa la tano. Tunafurahi. Ila ombi lenye jina la ukoo peke yake haliendi popote: akina Murphy ni wengi kama akina Juma.

Kinachotakiwa ni jina la kitongoji. Natumia neno hilo kwa kuwa ndilo lililo karibu na "townland" ya Kiingereza, lakini kitongoji cha Ireland ni kipande cha ardhi chenye mipaka na jina, hata kama leo hakiishi mtu ila ng'ombe. Si mji mdogo. Narudia: si mji mdogo. Viko zaidi ya 60,000, na majina mengi yanajirudia kaunti hadi kaunti, kwa hiyo andika jina la kitongoji, kisha parokia ya kiserikali (mara nyingi mipaka yake hailingani na ya parokia ya Kanisa Katoliki), kisha kaunti, kisha mwaka. Kwa mpangilio huo huo. Usishangae tahajia ikitofautiana na ile aliyokuwa akiitamka bibi. Wapima ramani walioanza kazi miaka ya 1820 waliyaandika majina ya Kiayalandi kwa herufi za Kiingereza, na mtaalamu wa Kiayalandi, John O'Donovan, alizunguka kaunti kwa kaunti akichunguza asili yake. "Bally" unayoiona kila mahali mara nyingi inatokana na "baile", yaani makazi.

Sasa hili la moto. Kila wiki tunaandikiwa kwamba "kumbukumbu zote ziliungua 1922". Hapana. Moto wa Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin yaliyokuwa na hifadhi ya kumbukumbu za serikali, Juni 30, 1922, uliteketeza sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Za 1861 na 1871 zilikwisha kuharibiwa zamani kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa rojo la kutengenezea karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Za 1901 na 1911 zipo, bure, mtandaoni. Yapo pia madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, na tathmini ya ardhi ya Griffith ya 1847 hadi 1864 inayotaja mkuu wa kaya, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na thamani yake. Mke na watoto hawamo humo. Tafadhali msituulize kwa nini "tumewaondoa". Vizazi vilianza kuandikishwa na serikali Januari 1, 1864. Picha za kumbukumbu hizo hufunguliwa mtandaoni baada ya miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa, na 50 kwa vifo. Aliyezaliwa 1930 bado hajafikia, na katika sensa ya 1926 utawapata wazazi wake tu.

Mfano ninaopenda kuutoa ni Ballykilcline, kaunti ya Roscommon, parokia ya Kilglass: takriban ekari 600, watu wapatao 500. Ilikuwa ardhi ya Taji la Uingereza, yaani ya serikali, iliyokodishwa kwa ukoo wa Mahon wa Strokestown, ambao nao waliwapangisha wakulima. Mkataba ulipokwisha mwaka 1834 Taji likaichukua tena, na wakulima wakagoma kulipa kodi. Walipeleka malalamiko kwa maandishi, wakapelekwa mahakamani, wakaendelea kukaa kwa zaidi ya miaka kumi. Angalia tarehe: bakajani iliyoharibu viazi ilifika 1845. Mgomo ulitangulia njaa, kwa hiyo anayeandika kwamba watu hawa "walikimbia njaa" amesoma nusu ya jalada. Kati ya 1847 na 1848 Taji liliwafukuza, likabomoa nyumba zao, kisha likawalipia nauli zaidi ya watu 360, kupitia Dublin na Liverpool hadi New York. Baadhi yao waliishia Rutland, Vermont, kwenye machimbo ya marumaru.

Msiwachanganye na wapangaji 1,490 wa Meja Denis Mahon, jirani yao, waliotembezwa kwa miguu hadi Dublin mwaka huo huo wa 1847 na kupelekwa Quebec. Mahon mwenyewe aliuawa kwa risasi Novemba 2, 1847. Ni majalada mawili tofauti. Sababu ya sisi kuijua Ballykilcline kwa undani ni ya kiofisi kabisa: mwenye ardhi alikuwa serikali, na serikali huandika barua. Kitongoji cha kabaila binafsi aliyetupa karatasi zake hakina bahati hiyo.

Kati ya 1998 na 2002 timu ya mwanaakiolojia Charles Orser ilichimba mahali zilipokuwa nyumba za akina Nary, mmoja wa koo za pale. Walikuta vipande vingi vya vyombo vizuri vya udongo vilivyotengenezwa Uingereza, sahani na vikombe vya dukani, kwenye nyumba za watu ambao wengi wetu tulifundishwa kuwafikiria kama mafukara wasio na kitu. Kodi hawakulipa, lakini chai walinywea kikombe kizuri.

Hapo ndipo baadhi yenu hupata wazo la kwenda na kifaa cha kutambua metali. Timu ile ilikuwa na kibali. Nchini Ireland, kutafuta vitu vya kale kwa kifaa hicho bila kibali cha maandishi ni kosa la jinai, lenye faini, kifungo, au vyote viwili. Ruhusa ya mwenye shamba si kibali. Ukikiona kitu cha kale kwa bahati, usikioshe wala kukiuza. Toa taarifa Jumba la Makumbusho la Taifa mara moja. Na kumbuka kuwa magofu mengi yamo ndani ya mashamba ya watu: piga hodi kwanza, na ukipita geti, lifunge.